Mvua Ikinyesha, Usishuke: Funzo Kutoka Mitaro ya Chini ya Miji

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazee wa mitaa kabla ya mvua za masika)



Huenda kila aliyefika hapa leo amepita kando ya mfuniko wa chuma au wa saruji barabarani bila kuutazama. Chini ya mfuniko huo kuna shimo lenye ngazi, na chini ya ngazi kuna mtaro au bomba kubwa. Humo hupita maji ya mvua au majitaka. Katika mashimo mengine mna nyaya za simu na za umeme. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Barabara inayokauka saa moja baada ya mvua kubwa ina kazi ya watu chini yake.

Wapo watu duniani wanaoipenda kazi hiyo kiasi cha kuishukia wenyewe, bila kutumwa wala kulipwa. Mwaka wa 1986, mjini Melbourne, Australia, vijana watatu walianzisha kikundi walichokiita Cave Clan. Walichofanya ni kuingia katika mitaro mikubwa ya maji ya mvua, wakiwa na tochi, ili waone inaelekea wapi. Kikundi hicho kilikua na kuenea hadi miji mingine ya Australia, Sydney ikiwa mojawapo. Huko Toronto, Kanada, Jeff Chapman, aliyeandika kwa jina la Ninjalicious, alianza kutoa jarida dogo liitwalo Infiltration mwaka wa 1996. Lilieleza habari za mahandaki, mitaro na majengo yaliyoachwa. Chapman aliwahimiza wasomaji wake wasivunje kitu na wasichukue kitu. Kitabu chake, Access All Areas, kilitoka mwaka wa 2005, na mwaka huohuo alifariki.

Watu hawa hutafuta nini huko gizani? Wengi husukumwa na hamu ya kujua. Ndani ya mtaro mmoja unaweza kuona ukuta wa matofali ya zamani ukiungana na bomba jipya la saruji, ukajua mji ulipanuka kuelekea upande gani. Mahali pengine mto mzima umefunikwa. Mto Fleet wa London, uliokuwa wazi zamani, leo hupita chini ya barabara na majengo.

Lakini hata hao waliozoea wana kanuni moja wanayoitanguliza kuliko zote: mvua ikinyesha, usiingie mtaroni. Sababu yake ni hii. Mtaro mkubwa hukusanya maji ya eneo pana. Mvua inaweza kunyesha kilomita kadhaa kutoka mahali ulipo, nawe ukawa umeacha jua likiwaka juu yako. Mapaa na lami hayanywi maji kama shamba linavyoyanywa, na ndani ya bomba laini la saruji maji hayo hukimbia kwa kasi. Maji ya kufika magotini, yakiwa na kasi, humwangusha mtu mzima. Utakaposikia ngurumo yake, huenda ngazi iliyo karibu iko mbali, na mfuniko wake umeegeshewa gari juu.

Hatari ya pili haina sauti. Majitaka yanapooza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa. Aliye ndani hudhani harufu imeisha, kumbe gesi imeongezeka. Pia hewa safi inaweza kupungua ndani ya shimo lililofungwa kwa muda mrefu, na mtu akazimia kabla hajaita mwenzake.

Hatari ya tatu hutokana na huruma. Mmoja akianguka shimoni, ndugu yake hushuka kumtoa, naye hulemewa na hewa ileile. Wa tatu hufuata. Ndiyo maana fundi aliyefunzwa hupima hewa kabla ya kushuka, huvaa mkanda wenye kamba, na mwenzake hubaki juu akiwa ameishika kamba hiyo. Asiye na kifaa hashuki, hata kama aliye chini ni mwanawe.

Miji imelishughulikiaje jambo hili? Paris, Ufaransa, ina machimbo ya zamani ya mawe yaliyopitana chini ya nyumba za watu. Kuyaingia bila ruhusa kumekatazwa tangu mwaka wa 1955. Hata hivyo watu huingia, na mwaka wa 2004 polisi walikuta huko chini ukumbi wa sinema wenye skrini, viti na umeme. Katazo peke yake halikuimaliza hamu ya watu. Lakini mji huohuo ulianza kuwatembeza wageni katika mitaro yake ya majitaka mwaka wa 1867, na hadi leo kuna jumba la makumbusho huko chini. Ndani ya mitaro kumebandikwa vibao vyenye majina ya barabara zilizo juu, ili mfanyakazi ajue yuko wapi. Mtoto mwenye maswali huonyeshwa na mtu anayejua, kisha hurudi nyumbani salama.

Hapa kwetu, aingiaye shimoni mara nyingi hakufuata burudani. Ni mtoto aliyefuata mpira. Ni kijana wa kibarua aliyeambiwa azibue kwa mikono mitupu. Ni mama aliyetoka sokoni usiku, akakanyaga mahali ambapo mfuniko ulikuwa jana, na leo umeuzwa kama chuma chakavu. Wale wa Melbourne huchagua siku, hubeba tochi na hutazama utabiri wa hali ya hewa. Mama huyu hakupewa nafasi ya kuchagua.

Kwa hivyo, kabla ya mvua kuanza, kila mtaa unaombwa kufanya mambo manne. Kwanza, shimo lililo wazi liripotiwe katika ofisi ya wadi siku hiyohiyo, na liwekewe alama inayoonekana usiku. Pili, taka zisitupwe mtaroni, kwani kila mfuko unaoziba huleta siku ya mtu kushuka kuuzibua. Tatu, asikubali mtu yeyote kibarua cha kushuka bila kupimiwa hewa, bila kamba na bila mwenzake juu. Nne, mtu akianguka, msimfuate. Pigeni simu 999 au 112, na mwiteni zimamoto.

Na walimu waliopo wanaombwa jambo moja zaidi. Mtoto akiuliza maji ya mvua huenda wapi, asifukuzwe. Aelezwe, na ikiwezekana aonyeshwe akiwa juu, pamoja na mhandisi. Atakayejibiwa darasani hatakuwa na haja ya kwenda kutafuta jibu shimoni.