Safari ya Siku Moja Upareni

Leo napenda tufuatane katika safari ya siku moja, kutoka Same hata Mbaga, katika milima ya Upare ya Kusini.

Twaondoka alfajiri kwa njia ya Kisiwani. Kushoto ni nyika ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Kulia ni milima. Kisha barabara yapanda, na hewa yapoa.

Huko Mbaga hapana budi kumpata kiongozi mwenyeji. Pasipo yeye, pango la Mghimbi ni giza na mawe tu. Yeye hueleza ya kuwa katika miaka ya 1860 Wapare walijificha humo, wakiwakimbia watekaji wa watumwa. Mgeni akisikia hayo hunyamaza.

Kisha huonyesha ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kijito usiku, yafunguliwe asubuhi na kugawiwa mashamba kwa zamu. Juu yake ni msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462. Milimani humo yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, asiyepatikana penginepo duniani.

Kiongozi aliyajua wapi mambo ya pango? Aliyasikia kwa wazee. Mgeni hutoka mbali na kulipa fedha ili ayasikie, na mtoto wa kijijini hupita hapo akienda kuokota kuni, asiulize neno. Enyi wanafunzi, waulizeni babu zenu jioni hii, mkaandike. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, pango litabaki, lakini litakuwa shimo tu.

Kwaherini.