Wakili wa Mahakamani au wa Mikataba?

Msikilizaji wa Muhuru Bay, una kijana nyumbani anayetaka kuwa wakili? Mwite, msikilize pamoja.

Uwakili una njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya mahakamani. Boti mbili zimegongana ziwani, wenyewe hawaelewani. Wakili anasimama mbele ya hakimu, anahoji mashahidi, anamtetea mteja wake.

Ya pili ni ya kampuni. Wavuvi wanataka kuunda kampuni ya kuuza omena. Wakili anaisajili, anaandika mikataba, anaziba mianya kabla ugomvi haujazuka. Wakili huyu anaweza kumaliza mwaka bila kukanyaga mahakamani.

Ipi inakufaa? Usichague kwa kusikia. Nenda ukaone.

Na usiwe na haraka, kwa sababu lango la njia zote mbili ni moja. Kwanza shahada ya sheria. Kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, pamoja na miezi 6 ya mafunzo chini ya wakili mzoefu. Mwisho, unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Basi fanya hivi. Shule zikifungwa, nenda mahakama ya Migori. Kesi nyingi husikizwa hadharani. Zima simu, keti nyuma, sikiliza. Halafu mwombe wakili akueleze jinsi mkataba unavyoandikwa.

Ukirudi, jiulize: napenda kujibu papo hapo, au kukaa nipime kila neno?

Kumbuka, usichague kwa kusikia. Nenda ukaone.