Maji ya Paa Yasipotee: Hotuba kwa Wakazi wa Chaka

Kieni iko kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, lakini mvua nyingi huishia milimani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kisha 2024 yakaja mafuriko.

Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 10 za mvua hutoa karibu lita 500. Bila gata, maji hayo hayo huchimba msingi wa nyumba. Tangi ni ghali, ni kweli. Hata pipa la lita 200 si haba.

Mabua ya mahindi yahifadhiwe, ng'ombe watayahitaji. Mto ukifurika, msivuke, hata kwa pikipiki. Dharura: Msalaba Mwekundu, 1199, bila malipo.