Mvua Katika Madaftari Mawili



Ndugu zangu mlioketi safu ya nyuma, najua kwa nini mmekaa karibu na mlango. Mnatazama mawingu. Aliyewahi kula kwa koleo haachi kutazama juu, hata akiwa amealikwa kwenye ukumbi wenye viti vya kuegemea.

Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni nilifanya kazi ya saidia fundi hapahapa Buhongwa, Mwanza, kwenye jengo moja kando ya barabara ya Shinyanga. Aliyenichukua hakuwa mkandarasi, alikuwa wakala: kijana mwenye pikipiki na kaunta buku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Jina la kampuni yake halitatufaa leo. Siku moja ya Aprili tulifika saa 12 na nusu asubuhi, tukachanganya zege la kwanza, na saa 3 kasoro mvua ikashuka. Mifuko ya saruji ikafunikwa turubai, sisi tukajibanza chini ya ngazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka, kwani ikikatika wakati wowote kazi inaendelea. Saa 9 alasiri msimamizi akasema, basi, kesho. Jumamosi, siku ya malipo, mbele ya jina langu palikuwa na herufi H ya penseli. Hayupo.

Nilikuwepo. Mama ntilie alikuwa shahidi, maana maandazi yake mawili nilikuwa nimekula kwa mkopo.

Ningeyasahau hayo kama si jambo jingine. Mvua ilipozidi niliitwa nikasaidie kuhamisha meza kwenye ofisi ya mhandisi iliyokuwa ikivuja. Juu ya meza daftari la kumbukumbu za kila siku lilikuwa wazi, nami nikasoma, kama msomi yeyote asiye na adabu. Kwa kalamu ya wino palikuwa pameandikwa tarehe, saa mvua ilipoanza, kazi imesimama, na mwisho: vibarua 34 wapo. Mvua ileile, watu walewale. Katika daftari la mkandarasi tulikuwepo, katika daftari la wakala hatukuwepo.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha sheria ya mikataba, ndipo nilipoelewa kwa nini mhandisi alijali kutuhesabu. Mikataba mikubwa ya ujenzi hufuata mara nyingi mifano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika Kitabu Chekundu cha 1999, ibara ya 8.4, mkandarasi akikutwa na hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida anaweza kuomba kuongezewa siku. Haongezewi fedha, lakini hatozwi fidia ya kuchelewa kwa siku hizo. Kila mvua huandikwa ili siku ya madai paonekane ipi ilikuwa ya kawaida na ipi ilipita kiasi. Na ile ya kawaida? Hiyo mkandarasi anatarajiwa kuwa ameiona tangu alipopanga bei ya zabuni. Masika ya Mwanza huja Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na mtoto wa shule ya msingi anayajua hayo. Mvua ya kawaida, basi, imeshalipiwa. Mwenye mradi ameilipa ndani ya bei. Kibarua anapokatwa siku yake, mvua hiyo inalipwa mara ya pili, na anayeilipa ni asiyekuwepo mezani bei ilipopangwa.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Yanayobaki ni kulitafutia miguu ya kisheria.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa akakionyeshe apate malipo. Pwani, katika karne ya 19, mabwana waliwakodisha watumwa wao kwa kazi za kutwa mjini, na ujira ukagawanywa kati ya mtumwa na bwana. Mtu wa tatu anayekula katikati ya kazi na malipo si mgeni wa juzi. Ukaja ukoloni na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kwenye mashamba ya mkonge zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42. Siku isiyotimia haikupigwa alama, na mvua haikuwa na mraba wake kwenye kadi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri, ikawa inawakusanya manamba kutoka bara na kuwapeleka mashambani. Babu zetu wengi wa Usukuma na Unyamwezi waliijua safari hiyo. SILABU ilikuwa wakala wa ajira kwa maana kamili ya neno, ila ilikuwa ya waajiri wenyewe, nao hawakulificha hilo.

Leo tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Haina kifungu kinachoitaja mvua. Mawakili wa waajiri huishia hapo: hakuna kazi, hakuna malipo. Nawaomba wasifunge jalada mapema. Dada wa sheria hiyo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka uleule, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mwajiriwa, mkataba uitwe jina lolote, ikiwa hata dalili moja kati ya kadhaa ipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, au amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano za saa tisa. Mtu aliyeshinda chini ya ngazi kwa amri ya msimamizi, koleo la kampuni mkononi, ana zaidi ya dalili moja.

Akishakuwa mwajiriwa, swali ni je, alifanya kazi? Hapa nawageukia Waingereza, ambao Sheria yetu ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ilituachia urithi wa kanuni zao kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mwaka 1906 mahakama yao ya rufani iliamua shauri la Devonald dhidi ya Rosser. Mfanyakazi wa kiwanda cha bati, aliyelipwa kwa kipande cha kazi, alisimamishwa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya. Mahakama ikasema mwajiri aliyemweka mtu tayari ana wajibu wa kumpa kazi ya kutosha mpaka notisi iishe. Hasara ya soko ni yake. Miaka 20 baadaye, katika shauri la Browning, mgodi uligeuka hatari bila kosa la mwenye mgodi, na wachimbaji wakanyimwa ujira wa siku za matengenezo. Hilo la 1926 halitufungi, limekuja baada ya tarehe ya urithi, ila hushawishi. Kwa hiyo mjadala ni huu: mvua ya Aprili ni soko baya, au ni mgodi uliobomoka ghafla? Mimi nasema jambo linalorudi kila mwaka kwa miezi yake haliwezi kuitwa la ghafla. Tufani isiyo ya kawaida, hapo naweza kukubali hasara igawanywe.

Kuna hoja nyingine, nami naiona nzito kuliko ya fedha. Mtu anayejua kuwa siku iliyolowa haimo kwenye malipo atapanda jukwaa lililolowa. Fundi atalazimisha kujenga ukuta kwenye mvua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utalipa ajali, lakini ajali ilianzia kwenye ile H ya penseli.

Sasa nani alipe, wakala au mkandarasi? Mwaka 2014 kanuni za mawakala binafsi wa ajira ziliwazuia mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Wakala atafute, mwenye kazi aajiri. Mawakala wengi wakabadili kibao mlangoni, wakajiita watoa huduma, na mambo yakaendelea. Ndipo kibarua anapozungushwa: mkandarasi anasema muulize aliyekuleta, wakala anasema sikulipwa siku ile. Kwa maoni yangu aliyekuwa na mamlaka ya kusema usiondoke ndiye aliyekuwa anakununua saa hizo, na yeye ndiye alipe, asimsukumie mwenye pikipiki.

Hapa Usukuma zamani mvua ilikuwa na mwenyewe. Mtemi alibeba dhamana yake, na ikikosekana kiti chake kilitikisika. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na dhamana ile ikatelemka hadi kwa mtu wa chini kabisa kwenye ngazi. Ujerumani, ambako baridi hugandisha udongo, tangu 1959 waliweka malipo ya hali mbaya ya hewa kwa wajenzi, na tangu 2006 mfumo wa sasa unalipa miezi ya baridi asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, 67 kwa mwenye mtoto. Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo, wala sidai tuuanzishe kesho. Nadai mstari mmoja kwenye jedwali la bei za zabuni za umma: siku za mvua, kwa idadi. Kanda hii imejenga daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, na inajengewa reli ya Mwanza–Isaka ya kilomita 341. Wanaoweza kukadiria nguzo za kusimama ziwani wanaweza kukadiria Aprili. Chama cha wafanyakazi, TAMICO, nacho kiuweke mstari huo mezani kinapojadili mikataba ya hali bora. Mtu anayejengewa banda la kuku kwa siku mbili simhusishi, asije akatoka hapa na hofu.

Ndugu zangu wa mlangoni, hili ni lenu. Mwezi wa kazi ni siku 26. Mvua ikichukua sita, karibu robo ya ujira imekwenda. Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mkingoja masika yaishe ndipo mlalamike, siku za Machi zimeshapitwa na muda. Jazeni fomu namba moja mapema. Msiogope kwamba hamna karatasi: kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Kisha ombeni nyaraka, kwani Tume inaweza kumwita mtu azilete. Wakala atakuja na kaunta buku yake. Msiishie hapo, ombeni na la mhandisi, lile la wino, yafunguliwe yote mawili kwenye tarehe moja.