Mwenye kuficha anataka tupate

Fundisho la juma: Matayo 13, mustari 44



Neno la leo ni fupi, mustari mmoja tu. Yezu anasema juu ya mtu aliyekuta hazina katika shamba. Akaificha tena, akaenda kwa furaha, akauza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua lile shamba.

Sisi watu wa Shituru hatuhitaji maelezo mengi juu ya hazina iliyo chini ya udongo. Tumezaliwa juu yake. Mababu zetu wa Katanga waliyeyusha shaba, wakaimimina ikawa misalaba midogo, wakaifanyia biashara mbali sana. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, alikuta uranium pale Shinkolobwe, karibu na mji wetu. Mwaka 1945 bomu la Hiroshima lilitengenezwa kwa uranium ambayo sehemu yake kubwa ilitoka humo. Hazina ni ile ile, lakini mikono inayoitwaa si ile ile, na kazi yake si ile ile.

Leo ninapenda kuwapa mfano kutoka mbali. Kuna watu ulimwenguni wanaotembea kwa miguu katika majangwa, si kwa kutafuta zahabu, bali kwa kutafuta kopo. Mchezo huo unaitwa geocaching. Ulianza Mei 2000, wakati serikali ya Marekani ilipoacha kuharibu kusudi ishara ya satelaiti zinazoonyesha mtu yuko wapi. Bwana mmoja, Dave Ulmer, aliweka ndoo katika pori la Oregon, ndani yake vitabu, daftari, kalamu na kopo la maharagwe. Kisha akatangaza namba za mahali pale, ili yeyote aende kutafuta. Katika siku chache ndoo ilipatikana. Leo makopo ya namna hiyo ni zaidi ya milioni 3 duniani. Katika jangwa la Nevada iko barabara moja ambayo kandokando yake waliweka zaidi ya 1,000.

Wana sheria zao, nazo ni chache. Kopo halifukiwi katika udongo: linawekwa chini ya jiwe au katika kichaka, ili mtu asichimbe wala asiharibu. Anayelipata anaandika jina lake katika daftari. Akitwaa kitu, anaacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Halafu analirudisha pale pale, kwa ajili ya yule anayekuja nyuma. Na mwenye busara, kabla ya kuingia jangwani, anabeba maji mengi, na anamwambia mtu wa nyumbani anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Ndugu zangu, tutazame mambo matatu.

La kwanza. Yule anayeficha kopo hafichi ili watu wakose. Anaficha ili watu watembee, watafute, wafurahi. Mungu naye ni hivyo. Ukiona amenyamaza, usiseme amekukimbia. Ametupa alama za njia: Neno lake, sakramenti, na maskini aliye mlangoni. Inuka, tembea.

La pili. Yule mtu wa Injili hakurudi usiku na tochi kuchimba shamba la mwenzake. Alilinunua. Alikubali furaha yake imgharimu. Hapa ninasema na vijana wetu wanaoingia katika mashimo. Sisemi ninyi ni watu wabaya: ninajua njaa, ninajua karo ya watoto, ninajua baba anayekosa kazi. Lakini hazina inayomla mwenye kuitafuta, hiyo si hazina ya Yezu. Shinkolobwe ilikatazwa na serikali mwaka 2004, na katika Julai ya mwaka ule ule udongo uliwaangukia watu mule ndani, wakafa. Mtembezi wa jangwani anayetafuta kopo la mchezo anaaga watu wake. Wewe unayeshuka chini ya ardhi, mke wako anajua shimo gani? Na mtoto wa shule, ambaye hawezi kukataa anapotumwa, nani alimpeleka kule? Baba, mama, tusimuuze mtoto ili tununue shamba. Mtoto ndiye hazina.

La tatu. Aliyetwaa, aache kitu. Hapa ndipo tunapoumia sana. Milima yetu imetoa shaba na cobalt miaka zaidi ya mia moja. Anayekuja nyuma anakuta nini? Mara nyingi anakuta shimo wazi lililojaa maji ya mvua, ambamo mtoto au mbuzi anaweza kuzama. Neno hili ni la wote: mwenye kampuni kubwa na mwenye pauni moja begani. Ukimaliza kuchimba, fukia. Ukipata faranga, toa ya karo kwanza kabla ya pombe. Ukikata mti kwa makaa, panda mwingine.

Juma hili, kila nyumba ijiulize maswali mawili wakati wa sala ya jioni: Tumetwaa nini kwa wale waliotutangulia? Tunawaachia nini wale wanaotufuata?

Tusali. Ee Bwana, wewe uliye hazina yetu, tupe miguu ya kukutafuta na macho ya kukuona. Uwalinde wote walio chini ya ardhi saa hii, uwarudishe nyumbani wazima. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.