Vyumba Vingapi kwa Boksi Moja? Kuchagua Masanduku ya Kupandishia Malkia kwa Mfugaji Mdogo



Mazungumzo ya kuzalisha malkia yakifika kwenye sanduku la kupandishia, swali la kwanza huwa ni hili: linatoa malkia wangapi kwa mkupuo? Seremala naye hujibu kwa kuongeza kuta. Mada hii inakwenda kinyume na mwelekeo huo. Kwa mfugaji mwenye mizinga kumi hadi thelathini, na kwa nyuki wetu hawa walio wepesi kuhama, nashauri boksi la kawaida la Langstroth lenye vyumba vitatu na fremu zilezile za mizinga ya asali. Anayeanza aishie viwili. Vinne tuwaachie wenye nyuki wengi wa ziada.

Kazi ya sanduku

Funza anayehamishiwa kwenye kikombe cha nta kabla hajatimiza siku moja tangu aanguliwe hutoka akiwa malkia baada ya siku 11 au 12. Siku ya kumi ndipo seli yake inapohamishiwa sandukuni. Akitoka ni malkia mwali. Hukomaa kwa muda wa kama wiki moja, kisha mchana wa jua huruka na kupandwa angani na madume, mara nyingi zaidi ya kumi, na siku chache baadaye huanza kutaga. Maana yake ni kwamba kikundi kidogo tulichokiweka chumbani kinaishi wiki mbili na zaidi bila yai jipya hata moja. Nyuki wake wanazeeka, na warithi wao ni majana yaliyofunikwa tuliyowapa siku ya kwanza, basi. Muda huohuo wanapaswa kulinda mlango, kupoza chumba saa nane mchana na kukitia joto alfajiri.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza: je, chumba kinaweza kujitunza kwa wiki tatu bila mfugaji kukisaidia? Kisipoweza, idadi ya vyumba ni hesabu ya karatasini.

Wengi wetu tumeona picha za visanduku vya povu gumu vinavyotumika Ulaya, vinavyojazwa nyuki kiasi cha kikombe kimoja. Kule vinafaa, maana nyuki wao si wepesi kuhama na joto la mchana ni la wastani. Huku kikombe kimoja cha nyuki hakimzuii siafu, hakimfukuzi mende wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika hii hii, na kinapoona jua kali na uhaba wa chakula kinaondoka chote pamoja na malkia uliyemhangaikia. Sisemi haiwezekani kabisa. Nasema mfugaji mdogo, ambaye pia ana shamba la mahindi la kupalilia, hana muda wa kuvichunga visanduku hivyo kila siku.

Vyumba vinne vina historia yenye heshima. Brother Adam wa abasia ya Buckfast, Uingereza, alikuwa na kituo cha kupandishia malkia kwenye nyanda za Dartmoor tangu 1925, na masanduku yake yaligawanywa vyumba vinne vyenye fremu fupi. Dartmoor ni baridi na ina upepo. Vikundi vinne vilivyoegemea ukuta mmoja viligawana joto. Hapo kuna somo kwa wenzetu wa Njombe na Mufindi, ambako usiku wa Juni na Julai haucheki na mtu. Ila yeye alizalisha malkia kwa wingi na alikuwa na mizinga mingi ya kuchotea nyuki. Mwenye mizinga kumi na mitano akijaza vyumba vinne mara mbili, ameshaanza kula mtaji.

Hesabu za seremala

Upana wa ndani wa boksi la Langstroth la fremu kumi ni takriban milimita 371, na kila fremu inachukua milimita 35. Tumia ukuta wa milimita 9. Ukigawa mara mbili, kila chumba kinapata milimita 181. Fremu tano zinaingia, lakini nafasi inayobaki ni milimita sita tu; ukivuta fremu ya kwanza unamsugua malkia kwenye sega la jirani. Weka nne, na nafasi ya tano iwe ya fremu ya kulishia, la sivyo nyuki watajenga sega la kwao kwenye pengo hilo.

Ukigawa mara tatu, kuta mbili zinakula milimita 18 na kila chumba kinabaki na 117 hivi. Fremu tatu zinataka 105. Zinabaki kama 12, nafasi ya kutosha kusogeza fremu bila kuua. Hapa ndipo boksi la fremu kumi linapogawanyika vizuri kuliko popote. Chumba kinapata fremu moja ya majana, moja ya asali na chavua, na moja ya kumwachia malkia nafasi ya kutaga.

Mara nne, kila chumba kina milimita 86 na fremu mbili. Zinatosha malkia kuanza kutaga, ila ndani ya siku chache amejaza kila tundu. Hapo usipomtoa mapema, kundi litamtoa kwa njia yake.

Sababu kubwa ya kung'ang'ania fremu za kawaida ni kwamba zinakwenda na kurudi. Majana yanatoka mzinga mkubwa kuja sandukuni, na msimu ukiisha fremu zinarudi mzingani pamoja na nyuki wake. Fremu fupi zinahitaji masega yake, kundi lake la kuyajenga na mahali pa kuyahifadhi nondo wa nta wasiyaguse. Ni mradi juu ya mradi.

Ukuta na mlango

Kama una fedha ya kitu kimoja tu kizuri kwenye sanduku hili, iende kwenye ukuta. Chumba cha nyumba ya kupanga kinavumilika kwa sababu kila mpangaji ana mlango wake. Siku ukuta ukitoboka, ugomvi hauishi. Malkia mwali ni mwembamba, na upenyo anaopita kibarua huenda naye akaupita. Malkia wawili wakikutana, mmoja anakufa. Kwa sababu hiyo wavu wa kuzuia malkia haufai kuwa ukuta.

Mianya huwa mahali pale pale. Kwanza ni sakafuni, pale ubao unapopinda kwa unyevu wa masika. Pili ni kwenye ngazi inayobeba masikio ya fremu: ukuta wa mstatili mtupu unaacha tundu kila upande, hivyo lazima uchongwe nao uwe na masikio ya kuziba. Tatu ni juu, chini ya mfuniko. Mwambie seremala achimbe mifereji kwenye ubao wa mbele na wa nyuma, ukuta uteleze humo, uguse sakafu na ulingane na ukingo wa boksi. Kila chumba kiwe na kifuniko chake cha plaiwudi nyembamba au turubai, ili ukifungua kimoja viwili vibaki vimefungwa. Kabla hujamlipa, weka tochi inayowaka chumba kimoja gizani, funika, uchungulie vingine. Mwanga ukionekana, kazi haijaisha.

Milango itazame pande tofauti: kushoto, kulia, na wa chumba cha kati utazame mbele. Tundu moja la upana wa kidole gumba linatosha. Kubwa zaidi linaalika wezi wa asali. Paka rangi kuzunguka kila mlango, bluu, njano na nyeupe. Nyekundu inatupendeza sisi, lakini nyuki haioni kama rangi. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alilithibitisha hilo zaidi ya miaka mia iliyopita. Masanduku yasipangwe mstari mmoja kama madawati. Malkia anaporudi kutoka kupandwa na kuingia mlango usio wake, wenyeji humzonga na kumuua. Ukishaweka seli usilihamishe sanduku, wala usilifungue saa za mchana ambazo huenda yuko angani.

Miguu ya kichanja iwe na vikopo vya oili chafu dhidi ya siafu. Kivuli ni lazima.

Masanduku mangapi?

Tuseme una mizinga 20 na unataka kubadilisha malkia wa nusu yake kwa mwaka. Unahitaji malkia kumi. Masanduku mawili ya vyumba vitatu yanakupa nafasi sita kwa mzunguko, na mzunguko mmoja ni kama mwezi, maana ni busara kusubiri uone majana yaliyofunikwa vizuri kabla ya kumwamini malkia. Baadhi wataliwa na keremkerem, baadhi watapotea. Mizunguko miwili huenda ikapungua kidogo, mitatu inatosha. Mtu akikwambia ununue masanduku sita, muulize nyuki wa kuyajaza watatoka wapi.

Panga mzunguko wa kwanza kwa kalenda ya madume, maua yatafuata yenyewe. Dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka, na karibu wiki mbili nyingine kukomaa. Ukiona majana ya madume yamefunikwa kwenye mizinga yako mizuri, hapo ndipo pa kuanza kuhamisha funza.

Wenye mizinga ya viunzi vya juu hawajaachwa nje. Mzinga wa Kitanzania una kuta zilizosimama wima, kwa hiyo kipande cha ubao cha mstatili kinatosha kuugawa. Wa Kikenya una kuta za mteremko, na ukuta wa kugawia lazima ukatwe kwa mteremko huohuo, kazi inayomshinda fundi asiye makini. Viunzi vya milimita 32 vitano au sita kwa chumba vinatosha. Usigawe zaidi ya vyumba vitatu, hata mzinga uwe mrefu namna gani.

Chumba kilichopoteza malkia mara mbili mfululizo usikipe seli ya tatu. Nyuki wake wameshazeeka, na vibarua wa kwetu hawakawii kuanza kutaga wenyewe. Utaona mayai mawili matatu kwenye tundu moja. Wakung'ute nyuki hao mbali kidogo, mbele ya mizinga yenye nguvu, fremu zao uwape wenye nguvu wazisafishe, kisha toa ukuta na nafasi hiyo mpe jirani mwenye malkia anayetaga.