Mapokezi ya Hospitali na Mwelekeo wa Uhalifu Mjini

Polisi wanapotangaza kwamba uhalifu wa kutumia nguvu umepungua katika mji fulani, swali la kwanza ni: umepungua katika daftari la nani? Daftari la kituoni huandika yale tu yaliyofika kituoni. Kijana aliyekatwa panga usiku na watu wanaokaa mtaa mmoja naye ana sababu nyingi za kutoripoti. Anaogopa kurudiwa. Pengine naye ana lake la kuficha. Lakini damu haingoji; atabebwa kwa bodaboda au tuktuk hadi kasualti, na huko atashonwa. Hoja ya mada hii ni kwamba mji unaotaka kuujua ukweli wa hali yake uanzie hapo, kwenye meza ya mapokezi.

Mji uliolithibitisha jambo hili ni Cardiff, makao makuu ya Wales, mji wa wastani wenye wakazi wasiofika laki nne. Jonathan Shepherd, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, alizoea kupokea vijana waliopasuliwa nyuso kwa glasi na chupa za baa. Katika utafiti wake wa miaka ya 1980 alilinganisha majeruhi wa hospitali na kumbukumbu za polisi, akakuta kwamba wengi wa waliotibiwa hawamo kabisa katika kumbukumbu hizo. Mwaka 1997 madaktari, polisi na halmashauri ya mji waliunda kamati moja na kuanza kukaa pamoja.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Karani wa mapokezi, akiwa anaandikisha mgonjwa kama kawaida, humuuliza maswali machache ya ziada: umeumizwa mahali gani hasa, siku na saa ngapi, kwa silaha gani, na watu wangapi. "Mahali gani hasa" maana yake ni jina la baa, jina la mtaa au kituo cha basi. Kujibu "mjini" hakutoshi. Jina la mgonjwa halitoki hospitalini. Yanayotoka ni mahali, saa na silaha, na kila mwezi hupelekwa kwa wachambuzi wanaoyaweka kwenye ramani pamoja na takwimu za polisi.

Ramani ikaonyesha vichochoro na baa ambazo hakuna aliyekuwa akizitaja. Doria zikahamishiwa huko. Barabara kuu ya starehe ikafungwa kwa magari usiku wa wikendi, ili umati unaotoka kwenye kumbi usisukumane kwenye kijia chembamba. Wenye baa wakabanwa kuhusu leseni, na glasi za kawaida zikaanza kubadilishwa kwa za plastiki au zisizovunjika vipande vikali.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, Cardiff ikilinganishwa na miji 14 inayofanana nayo. Waliolazwa hospitalini kwa kushambuliwa walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000, ilhali katika miji mingine walipanda kutoka 5 hadi 8. Katika daftari la polisi, visa vya kujeruhi, kwa kipimo hicho hicho, vilipanda Cardiff kutoka 54 hadi 82; kwingineko vilipanda kutoka 54 hadi 114. Hapa inafaa kutulia. Mwandishi wa habari mwenye takwimu za polisi wa Cardiff peke yake angeandika kwamba mji unaharibika, na kumbe vitanda vya wodi vilikuwa vikipungua wagonjwa.

Scotland nayo iliuchukulia ukatili kama suala la afya. Glasgow ilipozidiwa na visu vya magenge, polisi wa eneo hilo waliunda kitengo maalumu cha kupunguza ukatili mwaka 2005, na miaka mitatu baadaye madaktari wakaanza kwenda shuleni kuzungumza na wanafunzi. Waliouawa Scotland yote mwaka 2004–05 walikuwa 137. Mwaka 2023–24 walikuwa 57.

Kwetu Afrika Mashariki, pengo la takwimu hujazwa na uvumi. Mwanzoni mwa Januari 2015, habari za kundi la vijana wahalifu la Panya Road zilifunga maduka na kuwakimbiza watu Dar es Salaam, mitaa mingine ikiwa haijaona hata kibaka mmoja. Mombasa, yenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, imeishi miaka mingi na magenge ya vijana wa mapanga, hasa Kisauni na Likoni. Kila wimbi huleta msako, na msako huisha bila mtu kujua kama mapanga yamepungua au yamehamia mtaa wa pili.

Na karatasi tunazo. Fomu ya polisi ya Kenya, P3, ina nafasi ya daktari kukadiria aina ya silaha iliyotumika. Lakini hutumika kama ushahidi wa kesi moja moja, haijumlishwi. Tanzania, kwa miaka mingi majeruhi wametakiwa kupitia polisi kuchukua fomu ya PF3. Anayewaogopa polisi hubaki nyumbani na jeraha lake.

Hofu hiyo ya polisi iko Kenya pia, na ina msingi. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Haki Africa ya mwaka 2016 iliorodhesha visa 81 vya mauaji nje ya sheria na kupotezwa kwa watu Pwani ya Kenya tangu 2012. Iwapo vijana watashuku kwamba karani anawaandikia polisi majina, watashonwa vichochoroni. Hospitali nayo haioni kila kitu: mke aliyepigwa na mumewe husema ameanguka bafuni, na aliyefia barabarani hapiti mapokezi.

Hata hivyo, kuanza hakuhitaji mtambo. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, pamoja na hospitali za Likoni na Port Reitz, zinaweza kuanza na maswali manne na karani aliyefunzwa. Mada hii inaiomba Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa iyaongeze maswali hayo katika usajili wa kasualti, ilinde majina ya wagonjwa kwa maandishi, na iwaite polisi na wazee wa mitaa mezani kila mwezi.